Vichupa vya Dirishani

Asubuhi ya tatu mfululizo, kichupa cha damu kilikutwa dirishani, uchi, kikiota jua. Karatasi ya foili iliyokifunika ilikuwa pembeni, imekunjwa vizuri kama leso.

Mwenye kukifunika ni mtaalamu wa maabara waliyembandika jina la Kipimo, mwanamke apimaye hata chumvi ya mboga kwa kijiko, tena mara mbili. Mtu wa namna hiyo hasahau foili. Alijua fika kwamba bilirubini, ile rangi ya njano inayojaa kwenye damu ini likichoka, huliwa na mwanga. Ukiiacha juani, mashine inakuambia mgonjwa ni mzima.

Na mgonjwa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Juzi majibu sawa, jana sawa, na kijana amelala wodini macho ya njano, hajui hata leo ni lini.

"Daktari, si unayaona macho yake?"

"Nayaona, dada. Lakini hospitali kubwa hawapokei macho, wanapokea karatasi. Gari la rufaa linaondoka saa sita."

Kipimo akamtoa mdogo wake damu mwenyewe, akaifunika, akaifumbata mkononi na kujifungia maabara. Humo hunuka spiriti tu. Leo palinukia waridi, zito mpaka kooni.

Kisha akasikia foili ikifunguliwa taratibu nyuma yake, kule dirishani, ilhali foili yake ilikuwa bado kiganjani, na pumzi baridi ikamgusa shingoni, na sauti ikaja, sauti ya mdogo wake yuleyule ambaye hata kuketi hawezi, ikimbembeleza.

"Dada, umechoka. Nipe nikushikie."

"Sikupi," alinong'ona, akilia.

Hakugeuka. Aliitia damu kwenye mashine, akasimama hapo mpaka namba ikatoka: mara kumi na tano ya kawaida. Akakimbia na karatasi. Daktari akatia sahihi, machela ikapakiwa, gari likatoka. Kipimo alifurahi mpaka akamkumbatia dereva.

Aliporudi maabara, simu ilikuwa inaita. Ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga.

"Ahsante kwa majibu ya umanjano, dada! Vichanga kumi na mmoja, wote sawa. Kina mama wanafungasha, wanaenda zao."

Damu ya vichanga wale hakuwa ameigusa. Alitazama dirishani. Vichupa vidogo kumi na kimoja vilikuwa vimepangwa juani, vyote uchi.

"Wazuie!" alipiga kelele. "Nani kakuletea majibu?"

Muuguzi akacheka.

"Acha utani wako. Si umeyaleta mwenyewe?" Kisha akasita, na sauti yake ikashuka. "Dada... mbona bado umesimama hapa wodini, umembeba mmoja wao?"