Mama Fundi na Futi ya Kupimia Tumbo

Fundi cherehani alimpima bintiye sketi ya shule. Urefu uleule wa mwaka juzi! Binti, waliyemwita Kifungo kwa udogo wake, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wake wa miaka minane alishampita kimo.

"Mchana ulikula kwa shangazi?"

"Nilikula, mama. Hata akaniongeza."

"Amekufundisha kusema hivyo?"

Mama hakuamini. Tangu lini wifi yake akawa na mkono wazi? Kuanzia siku hiyo alimpima mtoto tumbo kwa futi, kabla na baada ya kwenda kwa shangazi.

Muuguzi mmoja, mteja wake, alimkuta akipima.

"Unalishonea tumbo suti?"

"Namtafuta mwizi. Wifi anamnyima mtoto chakula."

Muuguzi alimtazama Kifungo. Shingo yake ilikuwa fupi na pana.

"Alipozaliwa, miguu ilivimba?"

Mama akashtuka. "Nani kakuambia?"

"Shingo yake. Dalili hizo mara nyingi huenda pamoja. Mpeleke hospitali."

Huko walimtoa damu. "Damu ya mwanangu mnaitakia nini?" mama alifoka. Majibu yalipotoka, muuguzi alikaa naye.

"Ni hali ya Turner. Wasichana wengi wana kromosomu X mbili. Kwake, moja imekosekana, yote au sehemu."

"Nani kamfanyia?"

"Hakuna mtu. Hutokea kwa bahati tu, kabla ya kuzaliwa. Si wewe, si baba yake, si wifi."

"Na akili?"

"Anazo zake. Hesabu zikimsumbua, asaidiwe. Lakini moyo, figo na masikio vichunguzwe mara kwa mara, hata akiwa mtu mzima. Sindano za homoni zitamsaidia kurefuka. Akifikia umri wa kubalehe, daktari atampa homoni za kike. Kupata mimba huenda kukawa kugumu. Mwambie ukweli kidogo kidogo, asije akausikia mtaani."

Jioni hiyo mama alikwenda kwa wifi yake.

"Wifi, nilidhani unamnyima chakula. Nisamehe."

Shangazi aliweka mwiko chini. "Kumbe zile futi tumboni anazonisimulia Kifungo! Nami nilidhani unamshonea mkanda." Mama alipomweleza ya hospitali na sindano, akauliza, "Sindano ni saa ngapi?"

"Kila jioni."

"Jioni wewe una wateja. Nifundisheni kuchoma."

Mama alisita. Kisha akasema, "Haya, njoo kesho. Muuguzi atatufundisha sote."

Mwaka huo Kifungo aliongezeka sentimita saba. Sindano nyingi alichomwa na shangazi yake, na mama hakusimama mlangoni kuchungulia.