Hodi ya Nne

Uwanja ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio ikionekana wazi mchangani kutoka kwenye mikorosho hadi kizingitini, lakini hapakuwa na unyayo hata mmoja wa aliyefagia. Evaristo aliliona jambo hilo, akalipita. Mtu aliyetafuta kazi kwa muda mrefu hujifunza kupita mambo mengi.

Alikuwa kijana wa Mbinga, mwenye stashahada ya ualimu iliyokuwa ikizeeka ndani ya bahasha ya plastiki. Aliishi Kibiti mjini kwa dada yake Honorata, muuguzi, katika vyumba viwili walivyopangishwa na Bi Maimuna. Kila asubuhi alizunguka. Alipita stendi, ambako wapiga debe wa mabasi ya Lindi walishachoka kumuuliza anasafiri lini, alipita sokoni, alipita kwenye ofisi ambazo walinzi wake walimtikisia kichwa kabla hajafika getini. Mwisho wa mzunguko alikaa kwa Felix, seremala, mwenzake katika ukame ule wa kazi, ambaye kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya stendi na benchi lake la kazi lilikuwa limegeuka kitanda.

"Vipi, mwalimu, wamekuita?"

"Bado."

"Basi wote tuko likizo," Felix alisema, akacheka. "Ila sikia, mwanangu. Ukipata upenyo popote, nitaje na mimi. Nitaje tu, mengine nitajieleza mwenyewe."

"Nitakutaja."

Ahadi hiyo vijana huahidiana katika kila kijiwe cha mji ule, na ndani yake hamna ubaya. Shetani hajawahi kuhitaji ubaya wetu peke yake. Wema wetu nao humfaa, tukiupeleka mahali asipokuwapo Mungu.

Siku hiyo Evaristo alikuwa amesikia kwamba upande wa Mtawanya kuna mwenye shamba anayetafuta msimamizi. Akaenda kwa miguu. Jua lilipofika utosini alikuwa mbele ya nyumba ile ya uwanja uliofagiwa, ya udongo, kuukuu, paa lake limebonyea, mlangoni pakining'inia shuka jeupe badala ya ubao. Njia ilikuwa tupu. Saa hiyo watu wa huko huwa ndani, wamelala.

"Hodi," akasema. Akangoja. "Hodi." Akangoja tena. "Hodi, wenyewe!"

Pwani hata mtoto mdogo anajua kwamba hodi ni tatu. Usipoitikiwa kwa ya tatu unageuka na kwenda zako, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kutokuitika, na kwa sababu nyingine ambayo watu hawapendi kuisema jua likiwa utosini. Lakini Evaristo alilelewa kwa mafundisho ya bara, juu ya yule mjane aliyemchosha kadhi na yule rafiki aliyegonga usiku hadi akapewa mikate. Alifundishwa kwamba abishaye hufunguliwa. Ndivyo ilivyo, msomaji, kwa mlango wa Baba. Haikusemwa hivyo kwa kila mlango.

"Hodi," akasema mara ya nne.

"Karibu."

Sauti ilikuwa karibu mno na shuka, kama ya mtu aliyesimama hapo muda wote, akihesabu.

"Mbona umesimama mchana kutwa bila kazi?" ikauliza.

Moyo wa Evaristo ukaruka kwa furaha. Aliyajua maneno hayo. Ndiyo aliyoyasema mwenye shamba la mizabibu kwa wale vibarua wa sokoni. Akajiambia kwamba humu anaishi ndugu katika imani. Akasahau kwamba hata yule mjaribu wa jangwani alikuja na maandiko mdomoni.

"Kwa sababu hakuna aliyeniajiri, mzee," akajibu kama wale vibarua walivyojibu, na akatabasamu.

"Waweza kazi gani?"

"Kazi yoyote."

"Umepata. Wako wengine kama wewe?"

Evaristo akaikumbuka ahadi yake. "Yupo rafiki yangu, Felix, seremala. Kibanda chake kiko nyuma ya stendi ya Kibiti."

"Huyo atahitajika mwishoni."

Shuka lilitikisika bila upepo. Harufu ikatoka, ya udi uliochanganyika na tope bichi.

"Nianze lini, mzee?"

"Umeshaanza."

Kesho yake, mchana, usingizi ulimwangusha Evaristo mkekani kama mtu aliyepigwa. Alipoamka, miguu yake ilikuwa na tope jeusi hadi magotini, viganja vimetoka malengelenge, na mlangoni palikuwa na kapu la ukindu lenye kaa wakubwa, hai, waliofungwa magando. Honorata alidhani mgonjwa mmoja amemletea shukrani. Akawapika, wakala wakashiba, na hakuna aliyeuliza zaidi. Tusiwahukumu haraka. Esau naye alikuwa na njaa ya kweli alipouza kilicho chake kwa bakuli la dengu.

Lakini siku zilivyokwenda, shuka alizolalia Evaristo zilimshinda Honorata. Alizifua, akazinusa, akamwita mdogo wake uani.

"Evaristo, unakwenda wapi mchana?"

"Siendi popote, dada. Nalala."

"Usinidanganye. Tope hili si la Kibiti. Nilikwenda Kiongoroni kwenye chanjo, tukashuka kwenye boti mikokoni likanifika mapajani. Harufu hii naijua. Ni mwendo wa gari na boti, na wewe unaniambia umelala?"

Hapo akamweleza alichokuwa akikificha. Kila adhuhuri, akifumba macho, alijikuta mikokoni maji yakiwa yamekupwa, shoka mkononi, akikata boriti na kuzibeba begani pamoja na watu wengine ambao hakuna aliyeinua uso wala kujibu salamu, na sauti ile ikiwahimiza kutoka nyuma. Na boriti hizo hazikwenda sokoni, bali zilikwenda Mtawanya, kwenye nyumba ile ya shuka jeupe, ambayo sasa ilikuwa na nguzo mpya, na kenchi mpya za paa, na makuti mapya.

Honorata aliomba ruhusa kazini, siku iliyofuata akakaa karibu na mkeka. Alikuwa mwanamke wa sindano na dawa, asiyeamini upesi. Adhuhuri ilipoingia kuku wakanyamaza uani, harufu ya udi ikapita chini ya mlango, na mbele ya macho yake, katika chumba kikavu, juu ya sakafu ya saruji aliyoipiga deki mwenyewe asubuhi ile, tope likaanza kuchipuka kati ya vidole vya miguu ya mdogo wake, likapanda taratibu kwenye vifundo, likapanda kwenye miundi, huku bega lake la kulia likididimia kama linalotwishwa kitu kizito kisichoonekana, ngozi ikichubuka, damu ikitoka, na midomo yake, iliyokuwa haijafumbuka tangu alale, ikisema kwa unyenyekevu wa kutisha, "Ndiyo, bwana. Ndiyo, bwana. Umebaki mlango tu, bwana."

Honorata alipiga kelele hadi Bi Maimuna akaja mbio, sinia la mchele mkononi. Mama yule alitazama miguu ya Evaristo, akatazama kapu lililokuwa limefika tena mlangoni. Hakuuliza habari ya ugonjwa. Alingoja kijana azinduke, kisha akanong'ona:

"Mjukuu wangu, kule ulikokwenda kutafuta kazi, ulipiga hodi ngapi?"

"Nne, bibi."

Sinia likawekwa chini. "Na nani alikufundisha nne? Eh? Sisi hapa tunakufa na tatu zetu, wewe unatoka huko kwenu na ya nne!" Sauti yake ilikuwa kali, lakini alikuwa amemshika mkono na hakuuachia. "Hiyo nyumba imefika wapi?"

"Umebaki mlango."

"Basi sikilizeni. Mlango ukitiwa, mwenye nyumba ataufunga, na wewe utakuwa ndani. Huku kwetu utabaki mwili tu, na mwili huo tutauzika."

Akamwita mdogo wake, Abdala. Abdala alikuwa fundi wa pikipiki kando ya barabara kuu, na tangu baba yao afariki alikuwa pia ndiye anayesomea watu wenye majini. Alikuja na oili hadi kwenye viwiko.

"Ewe mwalimu," alisema, akijifuta kwa tambara, "watoto wa watu utawafundisha hesabu gani, wewe uliyeshindwa kuishia tatu?" Honorata alicheka huku analia. Kisha Abdala akawa mtu mwingine. "Huyu hafukuzwi na mimi. Uliingia kazini kwa mdomo wako, utaacha kwa mdomo wako, palepale. Ujira mliokula mmekula, Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema. Wa leo usiguswe. Tunaurudisha."

Abdala na Evaristo walikwenda kwa pikipiki, kapu likiwa katikati yao. Nyumba ilikuwa imesimama imara, boriti zake bado zinatoka utomvu mwekundu, na Evaristo akaitambua kila boriti kwa bega lake. Mlangoni palining'inia shuka lilelile.

"Leo hupigi hodi," Abdala alisema kwa sauti ya chini. "Anayeacha kazi haombi kuingia. Sema, halafu usiongeze neno." Akaanza kusoma Ayatul Kursiy.

Evaristo aliweka kapu kizingitini. "Nimeacha kazi," alisema. "Siwezi kutumikia mabwana wawili. Ujira wako huu hapa." Na kwa kuwa alihitaji cha kushika, akaishika ile zaburi inayotaja maangamizi ya adhuhuri, akaisema kwa kunong'ona, zaburi ya huyu na aya ya yule zikipanda pamoja katika joto lile.

"Nani atakaa badala yako?" ikauliza sauti.

"Simtaji mtu."

"Taja mmoja, uende salama."

"Simtaji mtu!"

Kisha sauti ikacheka kidogo, kama mtu aliyekumbushwa jambo. Shuka likaanguka chini. Nyuma yake hapakuwa na kitu, na kaa kapuni walikuwa magamba makavu matupu.

Evaristo alipona. Alilala mchana na kuamka miguu mikavu. Alitoa shukrani kanisani mbele ya wote, na Bi Maimuna akapika wali wa nazi kwa furaha. Haikupita muda mrefu simu ikalia: shule moja ya msingi ya binafsi ilikuwa ikihitaji mwalimu wa hisabati. Abdala alipoisikia habari hiyo alikaa chini kwa kicheko.

Mtu wa kwanza ambaye Evaristo alitaka kumwambia alikuwa Felix. Akaenda nyuma ya stendi moja kwa moja, bila kuangalia jua lilikuwa wapi. Kutoka mbali alisikia randa ikifanya kazi, sauti ambayo kibanda kile hakikuwa kimeisikia kwa miezi, na akafurahi. Kisha harufu ikamfikia.

"Oya, mwalimu!" Felix alikuwa amekonda, lakini macho yalimng'aa. Juu ya benchi lake kulikuwa na mlango wa mbao nyekundu, umekwisha, umebaki kupakwa mafuta. "Mambo yamefunguka, kaka! Oda ya mlango, na baada ya hapo nina kazi ya kudumu kwake hukohuko. Mzee mmoja alikuja juzi mchana. Sikumwona sura, jua lilikuwa machoni. Kaniambia wewe ndiye uliyenitaja."

Evaristo aliutazama ule mlango mwekundu.

"Ulisema utanitaja, ukanitaja." Felix akaweka randa chini, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge. "Watu wengi huahidi, mwanangu. Wewe ulitenda. Mungu akulipe."

Kwenye vifundo vya miguu yake tope jeusi lilikuwa linakauka.

Ndipo Evaristo akakielewa kile kicheko. Aliulizwa mara mbili kule kizingitini, na mara mbili alikataa, na kukataa kwake kulikuwa kweli. Lakini jina lilishatolewa siku ya kwanza, kwa upendo, kwa mtu asiyestahili kupewa hata salamu. Kaini alipoulizwa aliko ndugu yake alijibu kwamba yeye si mlinzi wake. Evaristo hakuwa na jibu hilo. Alikuwa na uzito wake mwenyewe tu, basi akaulalia ule mlango kifudifudi, akaukumbatia pande zote mbili.

"Hauendi, Felix. Mlango huu hauendi popote. Tuma mtu akamwite Abdala, yule fundi wa pikipiki. Sasa hivi!"

"We vipi? Mwenyewe anakuja kuuchukua, ameniambia adhuhuri hii..."

Wapiga debe wa stendi walinyamaza ghafla, wote kwa pamoja.

"Hodi," ikasema sauti nyuma ya ukuta wa mabati.

Felix alifungua kinywa kuitika, kama fundi yeyote anavyomwitikia mteja. Evaristo alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja chake chenye makovu, wakaanguka wote wawili juu ya takataka za randa.

"Hodi."

Chini ya kiganja, Felix alikuwa ameacha kupapatika. Macho yake yaliteremka kwenye miguu yake mwenyewe, na sasa alikuwa anaona.

"Hodi."

Ilikuwa ya tatu. Mgeni mwenye adabu huondoka hapo. Wakasikiliza, pua zao zikijaa udi na tope, wakingoja kusikia nyayo zikigeuka mchangani na kwenda zake.

Hawakusikia nyayo, na harufu ile haikuondoka.