Bibi Harusi Kwenye Mstari wa Chokaa

Kila Jumamosi asubuhi Bibiche alikuwa na kazi moja aliyoipenda: kumpelekea chai Papa Sebahire, dereva wa mama yake. Mama Kavira aliuza vitunguu, na lori lake lilijulikana mtaa mzima wa Murara kwa harufu kabla halijaonekana. Lakini Jumamosi hii halikubeba hata kitunguu kimoja. Lilikuwa limeoshwa na kupambwa kwa majani ya migomba, kwa sababu Kahindo, dada yake Bibiche, alikuwa anakwenda kuolewa katika mji wa Kiwanja.

Bibiche alimkuta Papa Sebahire ameshika shavu. Jino lilikuwa limemnyima usingizi. Alitoa kikaratasi mfukoni, akameza vidonge viwili alivyonunua kwa mchuuzi sokoni, akateremshia kwa chai.

"Usiambie mama yako," alinong'ona. "Atasema shofa ni mugonjwa, na harusi itaharibika. Ni dawa tu."

Bibiche aliitikia kwa kichwa. Mwezi mzima alikuwa akijifunza kucheza ngoma ya harusi. Nani angetaka iharibike?

Wakapanda: Mama Kavira, mashangazi, wanakwaya na ngoma zao, lori likajaa hadi pomoni. Kahindo aliketi mbele, uso ameuinamisha. Kwa desturi yao bibi harusi hazungumzi njiani, hacheki wala hainui macho mpaka akabidhiwe kwa wakwe. Kwa Kahindo, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, hiyo ilikuwa adhabu kubwa.

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini, lori lilichelewa kusimama, likakaribia kuugonga mti wa kizuizi. Jandarme Mushagalusa, askari wa kizuizi hicho, akasogea. Madereva wote walimjua kwa mstari wake mweupe wa chokaa, alioumwaga juu ya udongo mweusi wa volkano. Dereva aliyetiliwa shaka kuwa amelewa aliutembea kwanza, kisigino kikigusa vidole.

"Citoyen, wewe dereva, shuka. Umekunywa nini?"

"Chai tu, shefu."

Jandarme alimnusa. Kweli, chai tu. Mashangazi wakaapa kwamba Sebahire haonji pombe, kisha wakamwimbia Mushagalusa wimbo wa sifa ili alainike. Alitabasamu, lakini mkono wake ulibaki ukiuonyesha mstari.

Sebahire akaanza kutembea. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilikwenda kushoto, na ya tatu ikaifuata.

"Njia iko na mawe," alisema.

"Nimeifagia mwenyewe. Umemeza kitu?"

"Hapana, shefu."

Padri wa Kiwanja angengoja hadi adhuhuri tu, kisha aende misheni nyingine. Bibiche akisema, harusi imekufa. Akawatazama watu waliojaa lorini, akazikumbuka kona kali za Rugari zilizokuwa mbele njiani.

"Shefu," alisema. "Papa Sebahire alimeza dawa ya jino. Niliona."

Mama Kavira alimtupia jicho ambalo mtoto hapendi kutupiwa. Lakini Sebahire alishusha pumzi.

"Mutoto anasema kweli."

"Basi haupiti," alisema Mushagalusa. "Sheria inakataza mutu mwenye kichwa kizito kushika usukani. Haiulizi kama ni pombe, bangi ao dawa. Tafuteni shofa mwingine."

Shangazi mmoja alianza kulia. Ndipo sauti ikatoka kwenye kiti cha mbele cha lori.

"Mimi niko na permi ya kuendesha."

"Kahindo, inamisha kichwa!" walimkemea mashangazi.

"Nikiinamisha, nani ataona njia? Papa Sebahire alinifundisha mwenyewe. Permi iko katika sanduku."

Mushagalusa aliisoma permi mbele na nyuma. "Vizuri. Lakini na wewe utatembea."

Kahindo alivua viatu, akashika gauni kwa mikono miwili. Akatembea juu ya chokaa, amenyooka kama uzi, huku wanakwaya wakimwimbia wimbo wa kumtoa bibi harusi, hatua kwa hatua. Alipofika mwisho, vigelegele viliwafanya wachuuzi wa barabarani waache biashara zao. Hata Mama Kavira alicheka, akamvuta Bibiche kifuani.

Mushagalusa akauinua mti wa kizuizi, na Sebahire akalazwa ndani ya lori, upande wa nyuma, juu ya mkeka. Hawakuwa wamezipita nyumba za mwisho alipoanza kukoroma, na ngoma tatu zilizopigwa kando ya sikio lake hazikumwamsha.

Kule Kiwanja wakwe walimtafuta bibi harusi nyuma, wasimwone. Honi ikalia. Kahindo akateremka kutoka kwenye usukani, akatengeneza shela, kisha akainamisha kichwa kwa adabu zote. Watu wakacheka mpaka padri akaja kuona kuna nini.

Sebahire aliamka sahani za chakula cha harusi zikipitishwa.

"Rugari tulipita?" aliuliza.

"Tulipita, Papa," alisema Bibiche. "Na kona zake zote."

Mzee aliiweka chini sahani yake ya wali. Kisha akasema mbele ya wote, "Usingizi ule ungenikuta kwenye usukani, na ninyi wote nyuma yangu. Mutoto wangu, nilifanya kosa kukuomba unifichie. Siri ya zawadi, itunze. Siri inayoweza kuua watu, iseme, hata kama mwenye siri ni mukubwa, hata kama sherehe itaharibika. Na mimi, dawa nisiyoijua sitaimeza tena na ufunguo wa lori mkononi."

Kesho yake, jino likiwa limeng'olewa na kichwa kikiwa chepesi, Sebahire alichora mstari vumbini kwa fimbo, akamwita Bibiche. Akatembea polepole, kisigino kikigusa vidole, bila kuyumba.

"Jandarme wangu, nipite?"

Bibiche aliutazama mstari, akamtazama na yeye kwa makini.

"Pita, Papa."