Stuli Yenye Joto

Habari hii ukisimuliwa na mtu mwingine, mwambie akae chini, muongo huyo. Mimi nilikuwepo. Nimeiona kwa macho yangu haya mawili, na la kulia lilikuwa linauma wiki hiyo, lakini lilikataa kufumba. Shule niliishia darasa la sita, ila kwa kuona mambo nina digrii tatu na ya nne naisubiri.

Kwanza mlijue baridi la Guangzhou. Nyie mliozoea kiyoyozi cha benki mnajidai mnalijua. Mwezi wa kwanza kule Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, baridi haliji na theluji kistaarabu. Linakuja na maji. Linakaa kwenye sakafu, linapanda kwenye soli, likifika gotini linaomba chai. Na nyumba hazina hita. Kuna paka aliganda katikati ya kuruka, watu wakamtundikia kofia mpaka mwezi wa tatu.

Sasa Didas, fundi cherehani, akaja kupanga gereji kule. Gereji ya gari, chini ya nyumba ya Mchina mmoja, shata la bati mbele, sakafu ya saruji. Yeye alikuwa na hesabu zake. Jinzi za Xintang zinakatwa kwa wembamba wa kule. Ukizipeleka Dar, dada zetu zinawagomea mapajani. Didas akasema atazifumua pembeni na kuziongezea kipande kabla hazijaingia kontena. Alikuja na mkewe, Albina. Binti yao Flavia walimwacha Moshi kwa bibi yake.

"Mama Flavia," Didas akamwambia siku wanakabidhiwa funguo, "hapa tukikaza, mwakani mtoto tunaye."

"Hapa tukikaza tutakaza kweli, Baba Flavia. Mimi vidole vishakaza."

"Mimi mtoto wa Kibosho bwana. Baridi ni shemeji yangu."

Wakaitengeneza ile gereji. Kuta wakazibandika yale mabamba meupe mepesi wanayofungia televisheni. Nyufa wakazisindilia mabaki ya jinzi. Juu ya saruji wakatandika pareti za mbao, juu ya pareti kapeti kuukuu. Nyuma ya shata wakaning'iniza pazia la plastiki, lile la vipande vipande kama la buchani. Vyerehani viwili, mashine ya ovaloki, meza ya kukatia, pasi ya mvuke, stuli tatu. Stuli ya tatu ilikuwa ya mteja, waliiweka pale kwenye ovaloki. Hita walinunua, lakini ukiiwasha pamoja na pasi umeme unakata nyumba nzima, na laobani, ndiyo bosi mwenye nyumba, anashuka ngazi akipiga kelele. Wakachagua pasi. Hita ikawa ya kuwekea vikombe.

Kwa hiyo baridi likabaki. Albina akawa anashona na soksi mkononi.

Siku moja mchana wamekaa kula. Albina kasonga ugali wa unga wa nyumbani, kila mtu na sahani yake. Kalipa mgongo lile pazia. Akasikia vile vipande vinagongana, taratibu, kama mtu anapita akivishika kwa mkono. Na nyie mnajua sisi tulivyolelewa. Hakugeuka. Tonge liko mdomoni, akasema tu:

"Karibu, tunakula."

"Unamkaribisha nani?" Didas akamuuliza. Shata lilikuwa limefungwa mpaka chini.

Albina akageuka. Vipande vya plastiki vilikuwa vinacheza bado. "Mazoea tu," akasema, akacheka mwenyewe.

Huku kwetu ukisema karibu, mtu anajibu asante, nimeshiba, anapita zake. Wote mnajua kwamba hamkumaanisha. Basi kuna wengine hawajui. Didas akarudisha mkono kwenye sahani yake akautoa haraka. Ugali ulikuwa mzima, haujamegwa hata kidogo, lakini umekuwa mgumu na wa baridi kama umetoka kwenye friji ya samaki. Wa Albina ulikuwa bado unatoa moshi.

"Gereji hii," Didas akasema, "inakula kabla yangu." Wakacheka wote wawili. Hapo ndipo walipocheka pamoja mara ya mwisho.

Kesho yake asubuhi Albina kawahi kutoka chumba walichopanga jirani, kaja kufungua. Humo ndani kama tumbo la jokofu. Akavuta ile stuli ya tatu apande kuwasha taa, akaiachia. Ilikuwa na joto. Lile joto la kiti ambacho mtu kanyanyuka sasa hivi, na kakikalia muda mrefu. Kulikuwa na harufu pia, ya kitambaa kilichoanza kuungua chini ya pasi. Akaangalia pasi. Haijachomekwa.

Ungekuwa wewe ungekimbia. Mimi? Mimi ningeipiga stuli kibao nikaiuliza jina la baba yake. Lakini Albina alikuwa na baridi, jamani. Akaikalia. Akafumba macho, akasema, "Asante."

Toka siku hiyo gereji ikaanza kupata joto. Kidogo kidogo, halafu sana. Didas akajisifu kwa mabamba yake. Watu wakajaa. Nassor, kijana wa Unguja anayekusanya mizigo ya watu, akawa anakuja anavua jaketi, anavua sweta, anabaki na singilendi huku nje watu wanatembea kama maroboti. "Bro Didas, hapa ni Forodhani kabisa," anasema. Mimi mwenyewe nilikaanga yai juu ya ile stuli. Haya, halikuiva vizuri. Lakini lilianza.

Hakuna aliyekaa kwenye ile stuli mara mbili, lakini. Kila mtu alikaa, akanyanyuka, akaenda kukaa juu ya furushi la jinzi, na ukimuuliza hana sababu.

Albina ndiye aliyeanza kuona. Didas akimshika mkono, anashtuka. Wakilala anasogea ukutani, kwa sababu ukuta una nafuu. Kila mlo sahani ya Didas inakuwa ya baridi kabla hajanawa. Siku moja jioni anapiga pasi, akataka kujua kama imepata moto, akaweka kiganja chote kwenye bati la pasi, akakiacha hapo akiendelea kuongea habari za mzigo, na Albina akapiga ukelele, na Didas akamtazama haelewi kapigiwa kelele ya nini, na kiganja kilipotoka hakikuwa na lengelenge hata moja, ila ile taa nyekundu ya pasi ikawaka, kama inavyowaka pasi ikishapoa inaanza kujipasha upya.

"Baba Flavia, huumii?"

"Kwani ilikuwa imewaka?"

Akampeleka zahanati. Nesi akamwekea kipimo cha joto kwenye paji la uso, akakitikisa, akaleta kingine, akaleta cha tatu, akasema meiyou, yaani hakuna. Akawapa vidonge vya mafua.

Wakatoka nje. Asubuhi ya ukungu, barabara imejaa watu wanaenda viwandani, na kila mdomo unatoa mvuke, wakubwa, watoto, mpaka mbwa wa mlangoni anatoa mvuke, na Didas anamweleza mkewe kwa sauti kubwa kwamba hana ugonjwa, ni uchovu tu, mwakani mtoto tunaye, anaongea na kuongea na kucheka, na mbele ya mdomo wake hewa ni safi kama kioo kilichofutwa.

Walirudi gerejini. Albina akaliangalia pazia lile, upande wa ovaloki, usawa wa mtu aliyekaa kwenye stuli, akaona plastiki imeingia ukungu, duara dogo, likafifia, likaja tena, likafifia, likaja, polepole kama mtu anayepumua akiwa ameshiba na hana haraka ya kwenda popote, na nyuma yake mumewe akaitia sindano uzi akiimba, na ile harufu ya kitambaa kinachoungua ikapanda mpaka machozi yakamtoka.

Nassor ndiye aliyemleta Bi Hafidha, mama wa Kizanzibari anayenunua vitambaa kule maduka ya Zhanqian, ila kwao wanamjua kwa kisomo cha kutoa majini. Alikuja na ubani na makaa ndani ya sufuria la kupikia wali. Akasimama mlangoni, shata limeinuliwa nusu, hakuingia.

"Nani alilikaribisha hili?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna aliyelikaribisha, Bi Hafidha," Albina akanong'ona. "Sisi tuna ekaristi yetu, hatuchezi na hivyo vitu."

"Mwanangu, limekaa kama mgeni. Halikuvunja mlango. Nani alisema karibu?"

Albina akaziba mdomo kwa mkono.

"Basi ni wewe tu wa kuliambia liondoke. Mimi nitasoma, neno utalisema wewe. Lakini nikueleze usije ukanilaumu." Akamvuta sikio karibu. "Hili joto mnaloota nyote humu, ni la mumeo. Ndicho linachokula. Mgeni akiondoka, anaondoka na kilicho tumboni mwake."

"Na akibaki?"

"Akibaki anaendelea kula."

"Mume wangu amebakiwa na nini?"

Bi Hafidha akamtazama Didas aliyekuwa anashona, hasikii lolote. "Kidogo," akasema. "Akiwa humu ndani, analiota lake mwenyewe. Nje ya humu sijui."

Haya. Bi Hafidha akasoma. Mabamba yakabanduka ukutani, ovaloki ikashona peke yake suruali ishirini bila uzi. Albina akalivuta shata juu, akapaza sauti, "Toka! Sikukumaanisha! Nenda!" Stuli ikapinduka, lile pazia likapeperuka mpaka dari, upepo wa moto ukatoka ukaunguza mti ng'ambo ya barabara, na jini likatapika kila lilichokula, na Didas akaruka juu akilia kiganja, kiganja, mama nimeungua, malengelenge haya, na Albina akayabusu moja moja.

Hivyo ndivyo mnavyosimuliwa. Hivyo ndivyo ninavyosimulia mimi.

Ila shata halikuvutwa. Hapo nimetunga. Paka, yai, vyote mnaweza kukata mnavyotaka, lakini hilo la shata nalisema mwenyewe, kwa sababu Albina ndiye aliyeniomba niwe namalizia hivyo, habari ikifika Moshi Flavia aisikie hivyo.

Bi Hafidha alimaliza kusoma, akamwambia, sema. Albina akafungua mdomo, akamwangalia mumewe anavyoshona, akaufunga. Bi Hafidha akachukua sufuria lake la makaa, akakuta yamezima yote, akaondoka bila kuaga. Ulikuwa wakati wa kula. Albina akasonga ugali. Akapakua sahani mbili, ya Didas akaificha nyuma yake, ya kwake akaisogeza mbele ya ile stuli. Safari hii aligeuka akaiangalia vizuri.

"Karibu," akasema. "Kula huku kwangu."

Didas hatoki tena nje. Nikipeleka jinzi, Albina ndiye anayekuja kuzipokea pale shatani, na humo ndani nyuma yake kuna joto zuri sana. Juzi kulikuwa na ukungu. Tuliongea muda mrefu, nikimtania, akicheka. Mvuke wote ulikuwa wangu.