Kilo Alizoficha Kalolaine

Kalolaine alikuwa msukaji wa mikeka huko Vava'u, katika visiwa vya Tonga kwenye Bahari ya Pasifiki, mama wa watoto waliokwisha kuoa na kuolewa. Kila asubuhi alifagia ua, kisha akaketi na wanawake wenzake kusuka na kutaniana. Lakini kila alipokula nyama ya mafuta, tumbo lilimbana upande wa kulia hata akaacha kusuka. Hospitalini walimwambia kifuko chake cha nyongo kina vijiwe, nacho lazima kitolewe.

Siku ya kujiandaa kwa upasuaji, muuguzi Lavinia alimwita apande mizani. Mizani ilikuwa ukumbini. Aliyeileta, na ambaye bado alikuwa ameishika, ni Fineasi, mfanyakazi wa hospitali. Fineasi ni kaka yake Kalolaine.

Kwa Watonga, mwili wa dada hautajwi mbele ya kaka. Fineasi aliinamisha macho. Kalolaine akasema upesi kwamba hana haja ya kupanda, uzito wake anaujua: kilo tisini. Huo ulikuwa uzito wake wa ujanani. Lavinia aliona haya kubishana na mama mtu mzima mbele ya kaka yake. Akaandika tisini.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Shida ilikuja baadaye.

Kalolaine alisikia sauti za watu, lakini kope zake hazikufunguka. Alijaribu kuvuta pumzi, kifua kikainuka kidogo tu, kama kwamba kimelaliwa na mkeka uliolowa maji. Alitaka kuomba msaada, ulimi ukakataa. Akadhani anakufa.

"Mama Kalolaine, inua kichwa," Lavinia alimwambia.

Hakuweza.

Lavinia akamwita Moala, daktari wa usingizi. Moala alimwekea barakoa ya kumsaidia kupumua. Kisha akambandika mkononi kifaa kidogo kinachoshtua mishipa ya fahamu. Kidole gumba kilicheza kidogo sana. Daktari akautazama mwili wote pale kitandani, akauliza mgonjwa alipimwa na nani. Hakungoja jibu, akaongeza dawa. Muda wote huo Lavinia alimshika Kalolaine mkono, akimweleza kila kinachofanyika ili asiogope. Polepole pumzi ikarudi, na macho yakafunguka.

Kesho yake Moala alivuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, nikikulaza usingizi nakupa pia dawa ya kulegeza misuli, ili mpasuaji afanye kazi yake. Mwishoni nakupa nyingine ya kuirudishia nguvu. Hiyo ya mwisho naipima kwa kilo zako za leo. Nilikupa ya mtu wa tisini."

"Basi nusu yangu iliamka, nusu ikabaki imelala," Kalolaine alisema.

"Ndivyo. Na kosa kubwa ni letu. Tulipaswa kukupima wenyewe. Tena tulipaswa kuhakikisha misuli imeamka kabla ya kukutoa mpira wa kupumulia."

Akamwonya kwamba mtu akizinduka na kuona vitu viwili viwili, au akashindwa kumeza, aseme mara moja. Kama hawezi kusema, atoe ishara yoyote.

Fineasi hakuelezwa mengi, wala hakuuliza. Jioni ile aliisukuma mizani mpaka chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo, akatundika pazia mlangoni. Tangu hapo, akipita karibu, hukohoa kwanza. Kalolaine alijua ni nani aliyetundika pazia lile. Aliporudi nyumbani alipika majani ya magimbi kwa tui, akampa wifi yake ampelekee Fineasi.

Mwaka uliofuata alipata ngiri, ikabidi apasuliwe tena. Safari hii alilivuta pazia mwenyewe, akapanda mizani.

"Mia moja ishirini na nane," Lavinia alisoma kwa sauti ya chini.

"Ziandike zote, mwanangu. Usinipunguzie hata moja, nimezila kwa jasho langu."

Lavinia alicheka, akaziandika zote.

Baada ya upasuaji Kalolaine alifungua macho, akavuta pumzi ndefu. Lavinia akampa vidole vyake, akamwambia avibane. Kalolaine akabana.

"Inatosha, mama. Niachie, mkono huu ndio unaonilisha."

Wote wawili wakacheka. Nje ya mlango Fineasi aliisikia sauti ya dada yake. Akasimama kidogo, kisha akaendelea kusukuma kitanda kitupu cha wagonjwa.