Kwangu ni Kwako

Mwalimu wa fizikia alimkaribisha mgeni wake mchana kweupe, mbele ya wazazi waliojaa ukumbi wa shule, na ukumbi mzima ukacheka. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, maskini.

Kikao kilikuwa kimeitishwa kwa sababu ya wasichana wa bweni. Walikuwa wakianguka. Mmoja anapiga kelele, wa pili anadondoka, na kabla matroni hajapata viatu vyake bweni zima linalia. Wazazi walitaka waitwe waganga wapite chumba kwa chumba. Mwalimu alikataa. Wanafunzi walimpa jina la utani, Ushahidi, kwa sababu ukimwambia lolote, hata kwamba mvua inakuja, yeye hukuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Na tuseme ukweli, safari hii alikuwa nao. Madirisha ya bweni yalikuwa yamepigiliwa misumari kuzuia utoro, hewa ilikuwa nzito, na watoto walilala na njaa wakiwaza mitihani. Aliing'oa misumari ile kwa mkono wake mwenyewe, na walioanguka wakapungua. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani alikuwa mjinga.

"Hii ni shule ya umma," alisema pale mbele. "Kila mtu abaki na imani yake moyoni. Lakini ratiba yetu haina kipindi cha majini."

"Mwalimu, usicheze na vitu usivyoviona," alisema mwenyekiti wa wazazi. Huyo alikuwa na duka la dawa. Aliuza vidonge kutwa nzima na bado bundi akilia alifunga duka.

"Hata umeme hatuuoni, mwenyekiti, lakini tunaupima. Nileteeni jini mmoja nimpime."

Hapo ikasikika sauti mlangoni.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya upole, huwezi kusema ya mwanamume au ya mwanamke, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Watu wakageuka. Mlango ulikuwa wazi, jua limejaa uani, na hapakuwa na mtu. Akina mama wa nyuma wakasogeleana. Mwalimu akaona ushindi unamponyoka.

"Karibu!" akapaza sauti, amefungua mikono. "Pita ndani, usisimame juani! Na hapa pakikuchosha, twende nyumbani. Kwangu ni kwako!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa, cha watu waliokuwa wakitafuta sababu ya kutoogopa. Mikono ikanyooshwa kupiga kura, mwalimu akashinda, waganga hawakuitwa. Mkuu wa shule, mama aliyekaa karibu na mlango, peke yake ndiye aliyekunja pua. Alisikia harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, katika shule ambayo haikuwahi kuwasha taa ya mafuta tangu umeme ulipoletwa.

Nyumbani mwalimu alikuwa na mke, fundi wa cherehani aliyeshonea sebuleni, na binti yao wa pekee, wa darasa la pili. Huyu walimwita Mbona. Mbona mwezi unatufuata? Mbona sabuni inatoa povu jeupe wakati yenyewe ni ya bluu? Baba yake alijibu kila swali, hata akiwa na mswaki mdomoni. Alimpenda mtoto yule kuliko macho yake, na kama kuna kitu duniani ambacho hakukidai ushahidi, kilikuwa ni hicho.

Meza yao ya chakula ilikuwa na viti vinne na watu watatu. Siku ile ya kikao, walipokaa kula, kiti cha nne kililia, kile kilio cha mbao mtu mzito anapojiweka.

"Mbona kiti kimelia?"

"Mbao hutanuka kwa joto, mama, zikipoa hujibana. Ndizo zinazolia."

Mtoto akaridhika. Lakini kesho yake wakati wa chakula ikasikika kikohozi kidogo upande ule ule, cha mgeni anayeona haya kuomba maji, na ile harufu ya utambi ikatanda mezani mpaka mke akaacha kula. Mwalimu akasema ni bomba la jirani. Harufu je? Ni mota ya cherehani inaungua. Mke akaichomoa cherehani, na harufu ikabaki pale pale.

Mwalimu hakuwa mtu wa kukimbia jambo. Alileta kipimajoto cha maabara, akakilaza juu ya kiti kile, akamwita Mbona aje asome mwenyewe. Kiti kilikuwa na joto la mwili wa mtu mzima mwenye afya.

"Jua la dirishani," alisema.

Mke akavuta pazia. Baadaye akakibeba kiti akakiweka kwenye korido, kwenye sakafu ya baridi. Alipokigusa tena, joto lilikuwa lile lile, na kidogo akiangushe.

"Baba Mbona," alinong'ona, "tuite mtu."

"Mtu gani? Seremala?"

Jumamosi mchana mwalimu alikuwa mezani akisahihisha mitihani, kalamu nyekundu mkononi. Mbona akaja akasimama ubavuni mwake.

"Baba, mgeni anasema ulimkaribisha lakini hukumwonyesha pa kukaa. Anauliza akae wapi."

"Mwambie akae anapopenda," alisema mwalimu, na hakuinua macho.

Kufika asubuhi kiti kilikuwa baridi. Mwalimu akakirudisha mezani kwa mbwembwe, akakipigapiga mgongoni, akamtania mkewe kwamba jini lao limehama kwa kukosa huduma. Mke akacheka kidogo. Mtoto alikuwa akinywa chai yake, mgongo umenyooka, mikono imetulia. Alimaliza, akasema, "Asanteni kwa ukarimu wenu," akaondoka mezani.

Siku ile nzima hakuuliza mbona hata mara moja.

Majirani wakamsifia, siku hizi ametulia, amekua. Mwalimu wake wa darasa akamsifia. Walipompeleka hospitali kwa sababu mwili wake ulikuwa wa moto usiku na mchana, daktari alimpima damu, mkojo na kifua, akasema mtoto ni mzima, na laiti watoto wote wangekuwa na adabu hii. Mwalimu alirudi na majibu yale mfukoni akiyashika kila baada ya muda. Mama mtu hakushika chochote. Alikuwa akimwangalia mtoto anavyokula, anavyotafuna taratibu na kuangalia sahani za wenzake.

Siku moja mchana mama alikuwa akimchana nywele mlangoni. Kitana kilikwama, akainama kukinasua, sikio lake likawa karibu na mdomo wa mtoto. Akasikia sauti ndogo, imebanwa, inatoka mbali ndani mle.

"Mama, mbona amenikalia?"

Kitana kilimdondoka. Mtoto akageuka, akatabasamu, akasema, "Asante mama, zimependeza."

Mke hakuomba ruhusa ya mtu. Akamwita mganga, mama mmoja wa makamo, mwenye miwani ya kusomea na simu iliyokuwa ikilia kila saa. Mwalimu aliwakuta sebuleni, mwanamke yule kakaa juu ya mkeka na mtoto mbele yake.

"Nyumbani kwangu?" mwalimu alifoka. "Mambo haya nyumbani kwangu?"

"Kaa chini, baba," mganga alisema, bila kumwangalia. Kisha kwa mtoto, kwa sauti ya chini, "Umeingiaje hapa?"

"Nilibisha hodi," mtoto alijibu kwa ile sauti ya upole iliyosikika ukumbini. "Nikakaribishwa mbele ya watu. Nikaambiwa kwake ni kwangu. Nikauliza nikae wapi, nikaambiwa nikae ninapopenda. Nikapenda hapa."

Mwalimu alifungua mdomo aseme kwamba mtoto amesikia habari ya ukumbini kwa wenzake, kwamba akili ya mtoto ni udongo laini, kwamba ipo elimu inayoeleza haya yote na vitabu vyake vipo kabatini, na kabla neno la kwanza halijatoka ile midomo midogo ikatetemeka, na kutoka nyuma ya ile sauti ya upole ikapenya nyingine, nyembamba, anayoijua, iliyokosa pumzi.

"Baba, mbona humwambii aende?"

Akakaa chini.

"Mimi simtoi mgeni wa mtu," mganga alimwambia nje, akivaa viatu. "Aliyemkaribisha ndiye amuage. Ulimwita mbele za watu, muage mbele za watu hao hao. Sema tu, 'Nilikukaribisha, sasa nakuomba uende.' Ataenda. Hawa wana adabu kutushinda."

"Basi?"

"Basi. Ila usimkane. Yeye anakaa kwa ugeni, na mgeni huaga. Ukisema si mgeni wako, nitakuwa sina la kukusaidia."

Mkuu wa shule alikubali kuitisha wazazi. Habari ilikwishavuja, na ukumbi ulifurika mpaka madirishani. Mke alikaa mstari wa mbele na mtoto mapajani. Mwenyekiti mwenye duka la dawa alikaa amekunja nne, tabasamu limemkaa usoni, na simu zilikuwa juu zinarekodi. Nyuma walisimama walimu wenzake vijana, wale aliowafundisha kuuliza, wakimwangalia kwa macho ya kuomba.

Mwalimu akasimama. Sentensi ile aliikariri njia nzima. "Wazazi," alianza. "Wiki ile, hapa, nilim..."

"Ongeza sauti, mwalimu!" mwenyekiti alisema. "Tunataka ushahidi!"

Watu wakaangua kicheko, kicheko kile kile alichokitengeneza yeye mwenyewe, sasa kimegeuzwa, na kikamwingia mwilini, na akawaza madirisha ya bweni yatakavyopigiliwa tena misumari, na wasichana watakavyofukizwa moshi wakiwa na njaa, na jina lake litakavyokuwa mzaha wa kila kinyozi, na akawaza pia, kwa kuwa ndivyo mtu anavyojidanganya akibanwa, kwamba hospitali imesema mtoto ni mzima.

"Nilitania," alisema kwa sauti kubwa. "Ni hilo tu. Mimi sina mgeni. Sikumkaribisha yeyote."

Walimu vijana wakapiga makofi. Mke akapiga yowe moja fupi. Na mtoto mapajani mwake akaanza kupiga makofi naye, polepole, akitabasamu, na katikati ya kelele zile mwalimu alisikia viatu vidogo vinakimbia sakafuni, vinatoka mlangoni, vinapotelea uani kwenye jua, ingawa viatu vya mtoto vilikuwa miguuni mwake na miguu yake ilikuwa imetulia.

Njiani kurudi, mtoto alimshika mkono.

"Asante," alimwambia taratibu. "Umesema mbele za watu kwamba mimi si mgeni. Basi mimi ni mwenyeji."

Siku hizi hodi hupigwa nyumbani kwao mchana, wakati wa chakula. Sauti ni ya Mbona, kila herufi. Siku ya kwanza mama yake aliruka akafungua mlango, akaita karibu mwanangu, karibu, karibu, mpaka sauti ikamkauka, na ile sauti ya nje ikasema kwa huzuni, "Si wewe, mama. Baba." Walimpigia mganga simu. Akasema huenda ni mtoto wao, na huenda ni mwingine aliyesikia kwamba nyumba ile wanakaribisha, na yeye hana namna ya kujua. Akasema baba mtu achague. Akakata.

Mke hasemi naye tena. Anashona, anapika, anaweka sahani tatu, anakaa akimwangalia mumewe mdomoni.

"Hodi," sauti inasema mlangoni. "Baba, ni mimi. Kuna jua kali huku."

Mwalimu anafumba macho. Neno liko kwenye ulimi, jepesi, neno aliloligawa bure siku ile ukumbini. Anatafuta chochote cha kumthibitishia, kikohozi, namna ya kuvuta pumzi, na kila anachokipata kingeweza kuigwa.

"Baba, mbona hunikaribishi?"

Upande wa pili wa meza mtoto anaweka kijiko chini. Anajifuta mdomo vizuri, anamwinamia baba yake, na pumzi yake ina harufu ya utambi.

"Ushahidi uko wapi?" anamnong'oneza, kisha anaomba aongezewe chakula.