Misonobari ya Alama ya Njano

"Umepika takwimu."

Meneja alisema hivyo mbele ya ofisi nzima, daftari langu la vipimo likiwa mkononi mwake. Jamani! Miaka nane napima misonobari, leo naitwa mwongo!

Ngoja niwaeleze, msije mkaachwa njiani. Msitu wetu umegawanywa vipande. Vyenye alama nyeupe hupewa mbolea. Vyenye alama ya njano havipewi kitu, tunaviita vipande vya njaa. Mti huvuta hewa ya ukaa, ukaweka kaboni kwenye shina, mizizi na udongo. Tukilinganisha pande mbili, tunajua mbolea imeongeza kaboni kiasi gani.

Vya njaa vilikuwa vyangu.

Sasa, hesabu ya miaka yote ilipojumlishwa, vipimo vyangu vilionyesha miti ya njaa imenenepa karibu sawa na iliyolishwa. Kwa maana hiyo mbolea haisaidii kitu, na mradi ufungwe. Meneja hakuamini. Alinipa hadi Ijumaa nijieleze, la sivyo nifungashe virago.

Nikamshuku mwenzangu wa vipande vyeupe, tunamwita Mkia wa Bosi. Huyo kiti changu amekimezea mate siku nyingi. Nikamwomba fundi wa maabara apime udongo wangu, na Jumatano akaniletea majibu. Udongo wa njano ulikuwa umejaa mbolea.

Mtu alikuwa anailisha miti yangu...

Alhamisi mchana, watu wakiwa wamekwenda kula, nilijibanza nyuma ya rundo la magogo. Nikasikia hatua. Nikatoa simu, leo namrekodi Mkia wa Bosi nimalize kazi.

Alikuwa baba yangu.

Baba mzazi, kiongozi wa wanyunyizaji mbolea, amebakiza miezi miwili astaafu. Ana ndoo, anamwaga punje shina hadi shina bila haraka, kama mtu anayelisha kuku wake.

"Baba, unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo.

"Nawapa na hawa kidogo. Huwa nabakiza kwenye magunia."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ulioanza kazi. Ulirudi nyumbani umenuna, ukasema miti yako haikui kama ya mwenzio. Nikasema mwanangu hatachekwa nikiwa hai."

Nilikaa chini kwenye majani makavu. Nikamweleza kila kitu, kwamba bila miti isiyolishwa hatuwezi kujua iliyolishwa imepata faida gani. Alisikiliza, ndoo ikiwa mkononi.

"Kwa hiyo ile yenye njaa nayo ilikuwa kazini?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukuniambia?"

Wasomaji wangu, niwaambie ukweli. Aliniuliza mara nyingi kwa nini miti mingine haipewi mbolea, nami kila mara nilimjibu kwamba ni mambo ya kitaalamu, asijisumbue. Siku hiyo kumweleza kulichukua dakika kumi.

Usiku sikulala. Niliamua kubeba lawama, baba astaafu kwa heshima yake. Ijumaa asubuhi nikaingia kwa meneja na uongo wangu nimeupanga vizuri... nikamkuta baba amesimama pale, kofia mkononi. Alishamaliza kusema.

Kazi yangu ikabaki. Yake iliishia kwenye mlango ule, bila kuagwa na mtu. Vipimo vya miaka nane vikatupwa, na jibu la kaboni itabidi tulisubiri upya kwenye vipande vingine. Mkia wa Bosi, niliyemshuku bure, ndiye aliyembebea baba mabuti yake hadi getini.

Nilipobaki na meneja, aliuliza swali moja tu.

"Nani alipaswa kumweleza?"

Nikasema ni mimi.

Ndugu zangu, yule unayemwona hataelewa kazi yako, mweleze hivyo hivyo. Mimi nilimdharau baba yangu miaka nane, nikidhani namheshimu.